Niliiweka Mimi

Ile picha niliiweka mimi, Hamduni.
Tuanzie hapo, kabla sijakuuliza lolote.
Umesimama langoni, shati jipya,
kola niliyoishona mwenyewe usiku wa kuamkia Jumatatu,
umeme ukikatika mara mbili.
Jina la shule liko kifuani, wazi kama bei ya sokoni,
na nyuma yako kibao: Barabara ya Kumi na Tatu.
Nikaandika, Mwanangu kaingia la tano, Mungu amkuze.
Watu mia na kumi wakaniwekea mioyo.
Nikahesabu mioyo.
Sikuhesabu macho.

Sasa nimekalia cherehani isiyo na uzi,
simu yako mapajani, ninasoma.
Kaka Almasi, ndivyo anavyojiita.
Alikupa almasi sitini za kwenye mchezo,
kisha mia, kisha bunduki ya dhahabu.
Siku tisa hakudai kitu.
Siku ya kumi akauliza, shangazi yako hulala saa ngapi?
Ya kumi na moja: lile shati la shule lilikupendeza,
nitumie picha nyingine, isiwe ya shule, iwe yangu peke yangu.
Iwe siri yetu. Wanaume hatusemi.
Na chini yake, upande wako:
Umefuta ujumbe huu.
Umefuta ujumbe huu.

Tanga yetu, waja leo waondoka leo.
Huyu kaja, hajaondoka.
Hakupiga hodi, hakuvua viatu,
kapanda kitandani kwako, kaingia chandaruani,
nami chumba cha pili nakunja pindo za sare za watoto wa watu,
nashukuru nyumba imetulia.

Nilikukataza Raskazone bila mtu mzima.
Nilikukataza njia ya nyuma ya magodauni ya mkonge.
Nilikukataza pikipiki ya mtu nisiyemjua kwao.
Simu nikakupa.
Nisilipambe neno hili: nilikupa unyamaze, nimalize kazi.

Bi Mwanamkasi wa jirani kasema, ivunje,
na huyo mtoto mtie adabu.
Nilinyanyuka. Mkono ulishafika juu ya kabati.
Nikamkumbuka mwenye duka mmoja, Chumbageni,
mimi nina miaka tisa,
kila nikitumwa sukari ananizidishia kashata
na kunishika mkono muda mrefu kuliko hesabu ya chenji.
Nilimwambia mama.
Nikachapwa kwa kupokea vya watu.
Tangu siku ile mama hakujua kitu changu tena
hadi anaingia kaburini.

Basi fimbo nimeiacha ilipo, itaoza huko.

Picha nimeifuta. Fundi simu wa Makorora kanicheka kidogo:
kufuta, mama, si kurudisha.
Maneno ya huyo mtu sijayafuta hata herufi;
nimeyapiga picha moja moja, mikono ikinitetemeka,
kesho asubuhi nayapeleka dawati la watoto, polisi.
Ukitaka twende wote. Usipotaka nitakwenda peke yangu,
hutatajwa mtaani.

Nasikia umeamka. Nasikia unapapasa chini ya mto.
Njoo.
Simu yako iko huku, na mimi niko huku.
Nilifungua bila ruhusa yako, hilo nalo nakuomba radhi,
ingawa ningefungua tena.
Nishikie taa nitunge sindano, macho haya yamekwisha.
Ulichotuma, kama ulituma, hakikupunguzi kwangu
hata kwa upana wa uzi huu.
Uniambie leo. Au usiniambie leo,
uniambie Alhamisi, tukimenya muhogo,
uniambie ukinipa mgongo.

Halafu unifundishe huo mchezo.
Ndiyo, mimi.
Nitauawa kila dakika, cheka tu,
niambie kitufe cha kukimbia ni kipi.
Ila ile bunduki ya dhahabu
tuitupe kwanza.